Maswali tunayoulizwa kila siku: tovuti ya biashara ndogo na kuonekana Google, Unguja na Pemba

Tunatengeneza na kutunza tovuti za nyumba za wageni, mafundi wa milango, wauza viungo, wapigisha mbizi, kina mama wa mwani. Maswali haya tumeyapokea dukani, kwenye simu na mengine barazani, kahawa mkononi. Tumeyaandika karibu kama yalivyoulizwa.

Nina tovuti. Mbona nikiitafuta siioni?

Kwanza tujue: haipo kabisa, au ipo lakini iko nyuma? Kwenye kisanduku cha kutafutia andika neno site, nukta mbili, halafu anuani ya tovuti yako, bila kuacha nafasi. Kurasa zikitokea, Google inakujua, na shida yako ni nafasi tu. Kisipotokea kitu, huenda kuna mlango umefungwa.

Mara nyingi mlango wenyewe ni mdogo sana. Ukitumia WordPress, ile programu ya kujengea tovuti, kwenye mipangilio ya usomaji kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Fundi hukitia alama wakati anajenga, watu wasiione nyumba kabla haijapigwa lipu, kisha akasahau kukitoa. Nasema fundi, lakini mmoja wao ni mimi. Nyumba moja ya wageni ya Jambiani ilikaa Juni, Julai na Agosti, msimu wenyewe wa wageni, haipo Google hata kwa jina lake. Mwenyewe kila akinipigia namwambia avute subira, mambo haya yana muda wake. Nilipokiona kile kisanduku nilimrudishia pesa zake za matunzo ya mwaka mzima. Siku hizi ndicho kitu cha kwanza ninachokitazama, tovuti iwe yangu au ya fundi mwengine.

Mlango ukishafunguka, jiandikishe Search Console. Ni ya bure na ni ya Google wenyewe. Unawapelekea orodha ya kurasa zako, na unaweza kukagua ukurasa mmoja mmoja wakakwambia waliupitia lini na kama wameuacha, kwa nini. Bing, injini nyengine ya utafutaji, nao wana chombo chao, na kinakubali kuchukua taarifa zako kutoka Search Console, kwa hivyo si kazi ya kukunyima usingizi.

Nimebadilisha bei leo asubuhi, mbona Google bado inaonyesha za zamani?

Kwa sababu haiji kwako kila mtu anapouliza. Ina roboti inayopita kwenye kurasa kwa kufuata viungo, inasoma, inaweka nakala ghalani. Mtu akiuliza, majibu yanatolewa ghalani. Roboti mpaka irudi kwako inaweza kuchukua siku kadhaa, wakati mwengine wiki. Kwenye Search Console unaweza kuiomba ije upesi, ila ni ombi, si amri.

Kwenye simu yangu natokea wa kwanza, lakini ndugu yangu aliyeko Muscat hanioni. Nani mkweli?

Nyote wawili. Google inajua uko wapi, na huenda inajua kwamba ukurasa wako unaufungua mara ishirini kwa siku. Tumia dirisha la faragha la kivinjari, na hata hapo kumbuka kwamba bado uko Mwanakwerekwe na yeye yuko Oman. Hakuna nafasi moja iliyo sawa kwa kila mtu.

Duka langu limo ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe. Nyumba haina namba na mtaa kila mtu anauita jina lake. Niandike anuani gani?

Hili ndilo swali la kwetu hasa, kwa sababu maelekezo mengi ya mitandaoni yameandikwa na watu wanaoishi kwenye barabara zenye namba.

Anza na Wasifu wa Biashara wa Google, ule unaokuweka kwenye ramani pamoja na simu, saa za kazi na picha. Ni bure. Kwa biashara ndogo inayotegemea watu waliokaribu, wasifu huu unaweza kukuletea wateja kabla tovuti haijakuletea hata mmoja. Mtalii aliyesimama Forodhani na njaa hasomi tovuti. Anafungua ramani.

Pini iweke wewe mwenyewe, umesimama mlangoni, si kukisia ukiwa nyumbani. Ndani ya vichochoro simu huyumba, kwa sababu kuta ndefu huziba mawimbi ya setilaiti, na nimeona duka la Hurumzi limewekwa Kiponda. Basi kuza picha ya setilaiti, ulitafute paa lako, na uiburure pini mpaka ikae juu yake. Kisha bonyeza hapo hapo, Ramani za Google zitakupa namba fupi yenye herufi, tarakimu na alama ya kujumlisha. Hiyo ndiyo anuani ya nyumba isiyo na anuani. Ibandike kwenye tovuti, kwenye kadi na kwenye WhatsApp.

Halafu andika njia kama unavyomwelekeza mgeni kwa mdomo: "Ukitoka Darajani sokoni, ingia Mkunazini, ukilipita kanisa shika kulia." Haya ni maneno halisi ambayo watu huyatafuta, kwa sababu wengi wanaanza na mahali wanapopajua. Tovuti inayosema tu "tuko katikati ya Mji Mkongwe" haimsaidii mtu wala roboti.

Kuhusu kuthibitisha kwamba biashara ni yako: zamani Google ilikuwa ikituma kadi ya posta yenye namba ya siri, na sisi barua zetu zinakwenda sanduku la posta, wala hakuna wa kuzileta mlangoni. Siku hizi mara nyingi wanataka video. Utarekodi bila kukata: mtaa, ubao wa duka, halafu ndani kitu kinachoonyesha biashara ni yako, kama kufungua mlango kwa ufunguo au leseni yako ukutani. Kama ubao huna, weka kwanza. Hata wa mbao ulioandikwa kwa brashi unatosha.

Na jina liwe moja kila mahali, herufi kwa herufi, na simu hali kadhalika, ianze na +255. Duka likiwa "Bi. Mkubwa" kwenye tovuti, "Bi Mkubwa Spices" kwenye ramani na "Bimkubwa Viungo" Facebook, watu watatu hao, na Google haina hakika kama ni mmoja.

Niandike Unguja au Zanzibar?

Mteja wako ni nani? Mgeni aliyeko Milano au Berlin hajui kama kuna Unguja. Anaandika Zanzibar, anaandika Stone Town, anaandika Nungwi na Paje. Kama unamtaka huyo, maneno yake yawemo kwenye kichwa cha ukurasa na kwenye sentensi za mwanzo. Hiyo si kuukana uzawa wako. Unguja iweke pia, chini kidogo, unapoeleza.

Wenzetu wa Pemba wana shida nyengine, na wengi hawaijui. Kuna mji unaitwa Pemba kaskazini mwa Msumbiji, makao makuu ya jimbo la Cabo Delgado, nao una bahari, una fukwe, una hoteli na wapiga mbizi. Ukiandika "nyumba ya wageni Pemba" ukaishia hapo, umejitia kwenye fungu moja nao. Andika "kisiwa cha Pemba, Zanzibar", halafu taja pahala: Chake Chake, Wete, Mkoani, Konde, msitu wa Ngezi, kisiwa cha Misali. Kila jina la karibu unalolitaja kwa haki linaisaidia mashine kuelewa ni Pemba ipi. Nimesema kwa haki. Ukiwa Mkoani usijitie uko Ngezi. Mgeni ataona kwenye ramani kwamba kisiwa chote kiko katikati yenu.

Na Kiswahili? Niandike au Kiingereza kinatosha?

Ukiuza safari za kuogelea na pomboo Kizimkazi, Kiingereza mbele, na pengine Kitaliano. Lakini ukiuza matofali, mabuibui, keki za harusi au sare za skuli, wateja wako wanatafuta kwa Kiswahili, tena cha hapa. Wengi wanaandika "skuli" na wengine "shule". Yatumie yote mawili pahala panapostahili. Kurasa za Kiswahili zinazojibu maswali ya biashara ni chache, kwa hivyo ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri huenda mbali kuliko ungekwenda kwa Kiingereza.

Ukiwa na lugha mbili, kila lugha iwe na kurasa zake na anuani zake, na fundi aziunganishe kwa alama inayoitwa hreflang, inayoiambia Google kwamba huu ni ukurasa ule ule kwa lugha nyengine. Usichanganye aya ya Kiswahili na aya ya Kiingereza ukurasa mmoja. Tafsiri ya mashine pia, isome kabla hujaiweka. Nimeona karafuu na vitunguu saumu vimepishana, kwa sababu kwa Kiingereza karafuu na punje ya kitunguu saumu zote huitwa clove.

Nitayajuaje maneno wanayoyatafuta?

Unayo tayari, yamo kwenye WhatsApp yako.

Kuna muuza halua wa Wete aliyetuletea tovuti yenye ukurasa mmoja: "Karibuni kwa halua bora, yenye ladha ya asili." Nani anatafuta "ladha ya asili"? Tukamwomba atusomee ujumbe wa wateja wa mwezi mmoja. Inakaa siku ngapi bila friji? Mnaweza kuitia kwenye boti leo ikafika Unguja kesho? Mnatuma Dubai? Kikapu cha ukili cha kilo moja ni bei gani? Ina lozi? Mtoto wangu hali lozi. Akawa anajibu kila mtu, kila siku, kwa sauti, vizuri kabisa, halafu majibu yanapotea. Tulikaa naye jioni mbili, akisema nasi tunaandika. Maswali makubwa tuliyapa kila moja ukurasa wake, madogo tukayakusanya pahala pamoja, bei tukaziweka waziwazi. Hatukugusa kitu chengine. Mtu wa kwanza kuingia kwa njia hiyo alikuwa ametafuta namna ya kuhifadhi halua safarini.

Ukitaka zaidi, anza kuandika neno kwenye Google na usimalize: yale mapendekezo yanayojitokeza chini ni vitu ambavyo watu wanavitafuta kweli. Baada ya miezi michache Search Console itakuonyesha maneno yenyewe yaliyokutokezesha wewe. Mengine yatakushangaza.

Nimeambiwa niweke maneno mia kwenye sehemu ya siri ya ukurasa.

Hapana. Google walisema wazi mwaka 2009 kwamba orodha ile ya maneno hawaitumii kupanga matokeo. Na kuyaandika kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe ni hila wanayoijua zamani. Unaweza kuadhibiwa.

Kitu chenye faida ni kichwa cha ukurasa, yale maandishi ya kiungo yanayoonekana kwenye matokeo. Ukurasa wa mwanzo usiitwe "Nyumbani". Uitwe kwa kazi yako na pahala pako: "Milango ya nakshi ya Zanzibar, fundi wa Mji Mkongwe". Kila ukurasa na kichwa chake, kifupi, kisikatwe kwenye simu.

Bei na vyakula vyetu tumeviweka kwenye bango zuri, lipo ukurasa wa mbele. Kwa nini unataka nilitoe?

Sitaki ulitoe, nataka uyaandike pia. Bango lile ni picha. Linafaa kwenye WhatsApp, lakini usiitegemee injini ya utafutaji ilisome kama inavyosoma maandishi ya kawaida. "Pweza wa nazi" aliyefichwa ndani ya picha si wa kutegemea. Mchape kwa herufi.

Picha nyengine zote zipe maelezo mafupi ya kilichomo. "Mkulima akichuma karafuu, Pemba" inatosha. IMG_0047 haisemi kitu. Maelezo hayo pia ndiyo anayosomewa mtu asiyeona, na kwa hilo peke yake yanastahili dakika zako.

Tovuti yangu ni nzito?

Ijaribu kwenye PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi ya tovuti, bure. Lengo la Google ni kwamba kitu kikubwa kabisa kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Mkosaji karibu kila mara ni picha iliyotoka kwenye kamera ikapandishwa ilivyo, megabaiti nane, kumbe ingetosha kilobaiti mia mbili. Google sasa huipima tovuti yako kwa umbo lake la simu. Basi usiikague kwenye kompyuta ya ofisini yenye Wi-Fi nzuri. Nenda Makunduchi na bando la kawaida, uifungue ukiwa kwenye daladala.

Masika tunafunga. Tovuti nayo niizime?

Usithubutu! Mtu atakayelala kwako Agosti huenda anapanga safari yake Machi au Aprili, mvua inanyesha na wewe uko shamba. Kwenye wasifu wa ramani weka kwamba mmefunga kwa muda, kwenye tovuti andika tarehe ya kufungua, na uhifadhi wa nafasi uendelee.

Ramadhani vilevile: badilisha saa za kazi, kuna sehemu maalum ya siku zisizo za kawaida. Mgeni akifika mchana akakuta mkahawa umefungwa na ramani inasema uko wazi, hatailaumu ramani.

Kama unaandika kuhusu Sauti za Busara ya Februari au Mwaka Kogwa wa Makunduchi wa Julai, usifungue ukurasa mpya kila mwaka. Weka mmoja, anuani yake isiwe na mwaka ndani, na uuhuishe. Ukurasa uliokaa miaka mitano una viungo na sifa ambazo ukurasa wa jana hauna.

Instagramu ninayo, wafuasi elfu nne. Tovuti ya nini tena?

Instagramu ni baraza ya mtu. Umekaribishwa, watu wamejaa, lakini siku mwenye nyumba akifunga mlango hutabaki na kitu. Endelea nayo, ila kila picha nzuri iwe na njia ya kurudi kwako.

Nimepigiwa simu na mtu anasema atanitokeza wa kwanza Google ndani ya wiki moja.

Huyo ni papasi wa mtandaoni. Unawajua wale wa bandarini, anamdaka mgeni kabla hajakanyaga chini. Google wenyewe wanasema hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza, na nafasi za kawaida haziuzwi. Kinachouzwa ni matangazo, na hayo yanatiwa alama kwamba ni matangazo. Ukisitisha kulipa, yanaondoka siku ile ile. Kazi ya kweli, kwa maelezo ya Google, kwa kawaida huchukua kati ya miezi minne na mwaka kuanza kuonyesha faida.

Kabla hujampa mtu pesa, muulize: jina la tovuti limesajiliwa kwa nani? Tumepokea wateja ambao jina lao, liwe la .co.tz au la .com, limesajiliwa kwa jina la fundi, na fundi hapatikani. Bila jina hilo unaanza moja. Kinachofaa: jina lako, barua pepe yako, na nywila unayo wewe. Fundi apewe ruhusa ya kuingia, si umiliki. Na hili ni sisi pia.

Viungo kutoka tovuti nyengine, nikanunue?

Hivyo vya kununua viache. Tangu 2012 Google imekuwa ikizikamata tovuti zinazojipandisha kwa viungo vya kupanga. Angalia watu mnaofanya nao kazi kweli. Nyumba ya wageni inawapeleka watu shamba la viungo Kizimbani, shamba lina tovuti, basi watajane. Mpigisha mbizi awataje anaowalaza wageni wake. Kiungo kimoja cha namna hii, mgeni anakibofya na anakuja.

Wageni wetu wanaandika maoni mazuri kwenye daftari. Nifanyeje waandike Google?

Waombe, siku ya kuondoka, wakati mikoba iko mlangoni. Kiungo chako cha maoni kichape karatasini kwa msimbo wa kuskani. Usiwape punguzo wala chai ya bure kwa ajili ya nyota, kwani ni kinyume na masharti ya Google, na usimwambie shemeji yako aandike.

Maoni mabaya yajibu kwa upole, ukitaja ulichokirekebisha. Hapo unasema na mia wanaosoma, yule mmoja keshaondoka.

Akili bandia inaweza kuniandikia kurasa zote?

Inaweza. Google haikatazi maandishi kwa sababu tu mashine imesaidia, ila mwaka 2024 iliimarisha sheria dhidi ya kurasa zinazomwagwa kwa wingi ili kuiteka injini ya utafutaji, nani kaziandika si hoja. Tatizo langu ni jengine: mashine haijafika kwako. Itaandika kwamba fukwe zenu ni za kuvutia na watu wenu ni wakarimu, kama ilivyoandika kwa kila mtu pwani hii yote. Haitajua kwamba maji yakitoka kwenu mtu hutembea nusu saa hadi kwenye bahari, na hilo mgeni wa Paje au Jambiani anataka kulijua kabla hajalipa. Mwambie, na umpe saa za maji kujaa.

Nimebadilisha namba ya simu. Nianze wapi?

Wasifu wa Google kwanza, maana ndipo wanapopigia. Kisha tovuti: chini ya kila ukurasa, ukurasa wa mawasiliano na kitufe cha WhatsApp, hicho husahauliwa. Halafu Facebook, Instagramu, tovuti za kuhifadhi vyumba, na wale wote waliokutaja. Na ubao wa mlangoni ufute leo, usingoje fundi rangi, kwa sababu kuna mgeni atakayeupiga picha jioni hii na kuipandisha kwenye ramani ikiwa na namba ya zamani.